Baba, Mwana na Roho Mtakatifu: Utatu una kazi gani katika imani yetu?



Baraka ya mwisho wa ibada kila mtu kwetu anaijua kwa moyo. Inataja neema ya Bwana Yesu Kristo, upendo wa Mungu na ushirika wa Roho Mtakatifu, jinsi Paulo alivyomaliza barua yake ya pili kwa Wakorintho (13:14). Mchungaji anainua mikono, akina mama wanafunga watoto mgongoni, vijana wa korali tayari wanakunja waya za magitaa. Halafu tunatoka. Hilo ni ungamo la imani katika Utatu, nalo linasemwa kila siku ya Bwana kutoka Bunia mpaka Kalemie. Lakini ukimsimamisha Mkristo mlangoni na kumwuliza Utatu ni nini, mara nyingi atajibu: "Mchungaji, hiyo ni siri. Tusichunguze."

Jibu hilo lina heshima ndani yake, wala hatulidharau. Ila katika Maandiko siri si jambo lililokatazwa kuulizwa. Katika Waefeso 3 Paulo anatumia neno hilo kwa jambo ambalo Mungu alilificha zamani na sasa amelifunua lihubiriwe kwa mataifa. Siri ya namna hiyo inafundishwa, tena inafundishwa na watoto.

Zaidi ya hayo, sisi tukinyamaza, wengine hawanyamazi. Kijana motari anaambiwa na mwenzake pale kituoni kwamba ubatizo wake ni bure, kwa sababu alibatizwa kwa jina la Utatu. Binti anachumbiwa katika familia ya kusanyiko lingine, na sharti la kwanza, kabla hata ya mahari, ni abatizwe upya. Wageni wawili wanabisha hodi asubuhi wakiwa na gazeti linalosema Yesu ni kiumbe cha kwanza cha Mungu. Jirani Mwislamu wa Kasongo au wa Uvira anauliza kwa adabu kabisa: ninyi mnaabudu miungu mingapi? Mbele ya maswali hayo neno "siri" halimsaidii mtu. Tumeona nyumba ambamo mume na mke hawasali tena pamoja kwa sababu ya jambo hili, na watoto hawajui wamfuate nani.

Basi tunaandika kwa ajili ya wazee wa kanisa, mashemasi, walimu wa Shule ya Jumapili na wazazi. Tunaomba jambo moja lishikwe tangu mwanzo. Fundisho la Utatu halikuanza kama hesabu ya moja na tatu. Lilianza na swali hili: yule aliyekuja kwetu katika Yesu, na anayekaa ndani yetu kwa Roho, je, ni Mungu mwenyewe au ni mjumbe wake tu?

Maandiko yanatupa nini

Mitume wote walikuwa Wayahudi. Tangu utoto walikiri kila siku ungamo la Kumbukumbu la Torati 6:4, kwamba Bwana ni mmoja. Hakuna hata mmoja wao aliyeliacha ungamo hilo. Ni vizuri jirani yetu Mwislamu asikie jambo hili kwanza kutoka kwetu: sisi pia tunakiri Mungu mmoja, na anayesema miungu mitatu si Mkristo. Asikie pia kwamba tunaposema "Mwana" hatusemi Mungu alioa au alizaa kwa mwili, na kwamba Mariamu, mama yake Bwana, hakuhesabiwa kamwe katika Utatu.

Watu hao hao wa Mungu mmoja walimwona Yesu akisamehe dhambi, akituliza bahari, akifufuka. Tomaso alimwita Bwana wake na Mungu wake, na Yesu hakumkemea (Yohana 20:28). Yohana alifungua Injili yake akisema kwamba Neno alikuwako kwa Mungu, naye alikuwa Mungu. Angalieni sehemu zote mbili za maneno hayo: Neno ni Mungu, tena yuko pamoja na Mungu. Mtu anayeshika moja na kuacha nyingine hajasoma mstari mzima.

Mahali pazuri pa kuanzia kufundisha ni mto Yordani. Katika Marko 1:9-11 Mwana yuko majini, Roho anashuka kama hua, na sauti ya Baba inatoka mbinguni. Watatu wako pale kwa wakati mmoja. Baba hajivalishi sura ya Mwana, wala Mwana hajisemeshi mwenyewe. Kisha katika Mathayo 28:19 Yesu anaagiza ubatizo kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Kiswahili chetu kinaonyesha wazi kwamba limeandikwa jina, halikuandikwa majina. Jina ni moja, na wanaotajwa ndani yake ni watatu.

Tunatoa onyo moja kwa walimu. Msijenge hoja juu ya 1 Yohana 5:7 katika umbo lake refu, lile linalotaja mashahidi watatu mbinguni. Maneno hayo hayamo katika nakala za kale za Kigiriki. Erasmus hakuyaweka katika Agano Jipya lake la Kigiriki la 1516 wala la 1519. Aliyaingiza katika toleo la 1522, na kwa njia hiyo yakafika katika tafsiri nyingi. Biblia kadhaa za leo zinayaweka katika mabano au zinayaacha. Mpinzani anayejua jambo hili atakuaibisha mbele ya kusanyiko, na utakuwa umeaibika bure, maana imani yetu haitegemei mstari huo.

Waafrika na swali la Ario

Wako wanaosema Utatu ni fundisho la wazungu lililoletwa na wamisionari. Historia inasema mengine. Tertuliano, aliyekuwa wa kwanza kuandika neno Utatu kwa Kilatini, aliishi Karthago, katika nchi ya Tunisia ya leo, kama miaka 200 baada ya Kristo. Augustino, aliyetumia karibu miaka 20 kuandika vitabu 15 juu ya Utatu, alikuwa askofu wa Hippo, mji unaoitwa Annaba siku hizi, nchini Algeria. Na ugomvi mkubwa kuliko yote juu ya jambo hili ulianzia Misri, katika mji wa Aleksandria, kati ya Waafrika na Waafrika.

Ario alikuwa mzee wa kanisa katika mji huo, mtu mwenye sifa ya maisha safi na ufundi wa kusema. Alifundisha kwamba Mwana ni mkuu kuliko viumbe vyote, lakini naye aliumbwa, na kulikuwa na wakati hakuwako. Inaelezwa kwamba aliyatia mafundisho yake katika nyimbo ambazo mabaharia na wasaga nafaka waliziimba kazini. Viongozi wa korali wakumbuke habari hii wanapochagua nyimbo, maana watu wengi wanaamini yale wanayoimba kabla ya kuamini yale wanayohubiriwa.

Mwaka 325 maaskofu wapatao 300 walikutana Nikea, mji ulioko Uturuki ya leo, kwa mwito wa Kaisari Konstantino. Walikiri kwamba Mwana ana asili moja na Baba. Athanasio alikuwa pale akiwa shemasi kijana tu, amemsindikiza askofu wake Aleksanda. Miaka mitatu baadaye akawa askofu wa Aleksandria. Msidhani kwamba baada ya Nikea mambo yalitulia na kwamba serikali ililinda fundisho la kweli. Makaisari waliofuata, hasa Konstantio, waliegemea upande wa wapinzani wake. Athanasio alifukuzwa mjini mwake mara tano, akaishi uhamishoni kwa jumla kama miaka 17. Safari moja alijificha kwa muda mrefu kwa watawa wa jangwani, waliomhamisha mahali hadi mahali ili askari wasimkamate. Wasomaji wetu wengi wanajua maana ya kulala leo hapa na kesho pale huku umebeba Biblia na sufuria.

Kwa nini mtu ateseke hivyo kwa ajili ya neno moja? Athanasio aliona kwamba kama Mwana ni kiumbe, sisi hatujaokolewa. Kiumbe hakiwezi kumfikisha kiumbe mwenzake kwa Mungu. Kama aliyekufa msalabani ni malaika mkubwa, au mtu bora kuliko watu, basi Mungu mwenyewe alibaki mbinguni na kumtuma mwingine ateseke kwa niaba yake.

Hapa fundisho hili linagusa Mashariki mwa nchi yetu kuliko tunavyofikiri. Sisi tumezoea wajumbe. Wanafika kwa magari meupe yenye bendera, wanauliza majina, wanaandika, wanapiga picha za mahema ya wahami wa vita, wanasema wamesikitika sana. Jioni wanarudi hotelini. Hatuwalaumu wote, wengine walituletea unga na dawa. Lakini mama aliyezika watoto wawili barabarani wakati wa kukimbia anajua tofauti kati ya anayetuma salamu za rambirambi na anayekuja kukaa naye kwenye mkeka wa matanga. Ario anamwambia mama huyo kwamba Mungu alituma salamu. Nikea inamwambia kwamba Mungu alikuja mwenyewe. Tofauti hiyo yote imo katika maneno "asili moja na Baba".

Kuhusu Roho Mtakatifu, kazi ilikamilishwa katika mkutano wa Konstantinopoli mwaka 381, ambako Kanisa lilikiri kwamba Roho anaabudiwa na kutukuzwa pamoja na Baba na Mwana. Basili wa Kaisaria, aliyeandika kitabu kizima juu ya Roho, alikuwa amekwisha kufa, lakini ndugu yake Gregori wa Nisa na rafiki yao Gregori wa Nazianzo walikuwapo.

Nafsi, si watu

Tunakiri Mungu mmoja katika Nafsi tatu. Neno "nafsi" limechaguliwa vizuri, ila sisi tuliosoma kwa Kifaransa tuna shida yetu. Kifaransa kinasema *personne*, na katika mazungumzo ya kila siku *personne* ni mtu. Mkalimani akiharakisha, Nafsi tatu zinageuka kuwa "watu watatu", na watoto wanachora wazee watatu wenye ndevu juu ya wingu. Watu watatu ni viumbe watatu: mmoja anaweza kufa na wengine wakabaki, mmoja anaweza kwenda Beni na wengine wakabaki Butembo. Baba, Mwana na Roho hawatengani hivyo. Wana uungu mmoja, mapenzi mamoja, na kazi yao ni moja. Kinachowatofautisha ni jinsi wanavyohusiana: Baba anamzaa Mwana tangu milele, Mwana amezaliwa na Baba, Roho anatoka kwa Baba na anatumwa na Mwana.

Augustino alikiri kwamba tunasema "Nafsi tatu" kwa sababu tusipotumia neno lolote itabidi tunyamaze. Huo ni unyenyekevu mzuri. Neno hili ni kama ua la shamba: linatuonyesha mpaka, halituambii kila kilichomo ndani.

Mifano inayopotosha

Kila mwalimu wa Shule ya Jumapili ana mfano wake. Unaopendwa zaidi ni wa maji: yanaweza kuwa barafu kama ile ya juu ya Ruwenzori, au maji ya kunywa, au mvuke wa sufuria. Ni mfano rahisi, nao unafundisha kosa. Maji yale yale hayawi barafu na mvuke kwa wakati mmoja, yanabadilika sura. Ndivyo alivyofundisha Sabelio huko Roma katika karne ya tatu, kwamba Mungu ni Nafsi moja anayejionyesha mara kama Baba, mara kama Mwana, mara kama Roho. Kama ni hivyo, pale Gethsemane Yesu alikuwa akisali kwa nani? Mfano wa mwanamume mmoja aliye baba nyumbani, mume kwa mke wake na mwalimu shuleni una ugonjwa ule ule.

Wengine wanachukua mawe matatu ya jiko la kuni. Mfano huu ni wetu kabisa na unapendeza, lakini unaangukia upande wa pili. Kila jiwe ni theluthi ya jiko, na jiwe moja peke yake haliivishi kitu. Mwana si theluthi ya Mungu. Paulo anasema katika Wakolosai 2:9 kwamba utimilifu wote wa uungu unakaa ndani yake.

Tuwaambie nini watoto basi? Ushauri wetu ni kuacha mifano na kusimulia habari. Simulieni Yordani. Simulieni jinsi Yesu alivyoomba kwa Baba yake usiku, jinsi alivyoahidi Msaidizi, jinsi Roho alivyoshuka siku ya Pentekoste. Mtoto wa miaka saba anaelewa kwamba Baba alimtuma Mwana na kwamba wote wawili walimtuma Roho. Akifika darasa la ubatizo atapata maneno ya kuyafunga pamoja.

Ubatizo "kwa jina la Yesu peke yake"

Swali hili ndilo linalogawa nyumba zetu zaidi, kwa hiyo tulitazame polepole. Mwaka 1913, katika mkutano wa kambi karibu na Los Angeles, Marekani, mhubiri mmoja alieleza kwamba mitume katika Matendo walibatiza kwa jina la Yesu. Kutokana na hayo ulizuka mwendo ndani ya Upentekoste uliokataa Utatu na kuwabatiza watu upya. Mwaka 1916 kanisa la Assemblies of God lilitoa tamko la imani likishika Utatu, na wengi wa mwendo ule wakatoka. Baadaye William Branham, mhubiri wa Marekani aliyezaliwa 1909 na kufa 1965, alifundisha jambo la karibu na hilo, na wafuasi wake wako wengi katika miji yetu. Wengi wao ni watu wa bidii, wanaosoma Biblia na kuacha pombe. Tunasema nao kama majirani.

Hoja yao ni Matendo 2:38, 8:16, 10:48 na 19:5, ambako ubatizo unatajwa kwa jina la Yesu. Mistari hiyo ni ya kweli na hatuifichi. Lakini someni sura ya 19 tangu mwanzo. Huko Efeso Paulo anakutana na wanafunzi ambao hawajasikia hata kwamba kuna Roho Mtakatifu. Mara anauliza: basi mlibatizwa kwa ubatizo gani? Kwa nini swali hilo? Kwa sababu kwa Paulo, mtu aliyebatizwa katika Kristo asingeweza kuwa hajamsikia Roho. Luka anaposema "kwa jina la Yesu" anautofautisha ubatizo huu na ule wa Yohana; anatuambia ni ubatizo wa nani, si maneno yote yaliyotamkwa majini. Na kitabu kidogo cha kale kinachoitwa Didake, maandishi ya Wakristo wa kwanza kabisa baada ya mitume au hata wa siku zao, kinaagiza kubatiza kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Hiyo ni miaka mingi kabla ya Nikea. Anayedai kwamba Konstantino ndiye aliyeleta maneno hayo amekosea tarehe.

Tena tuulize: katika fundisho la Nafsi moja, mwamini anapoteza nini? Anapoteza sala ya Yesu, kwa sababu Yesu anakuwa anajisemea mwenyewe. Anapoteza pia upendo ulioko kabla ya dunia. Katika Yohana 17:24 Yesu anasema Baba alimpenda kabla ya kuwekwa misingi ya ulimwengu. Kama Mungu alikuwa Nafsi moja pekee, kabla ya kuumba alimpenda nani? Angehitaji kutuumba sisi ili apate wa kumpenda. Lakini Yohana anasema Mungu ni upendo (1 Yohana 4:8), na hilo ni kweli hata kama dunia isingekuwako. Hakutuumba kwa upweke. Kwa hiyo upendo wake kwetu hauna bei, maana hatuna kitu anachokihitaji.

"Roho Mtakatifu" au "roho takatifu"?

Mashahidi wa Yehova katika Biblia yao ya Kiswahili wameandika "roho takatifu", na katika Kiswahili tofauti hiyo ndogo inabeba fundisho zima. Sarufi ya neno "roho" peke yake inatupa roho safi, roho nzuri, roho inauma. Wafasiri wa Biblia tunayoisoma sisi waliandika "Roho Mtakatifu", na wakasema anafundisha, anaongoza, anashuhudia. Walimhesabu pamoja na wenye nafsi. Anayeandika "roho takatifu" anamaanisha nguvu ya Mungu inayotenda kazi, kama umeme.

Maandiko yanaelekea upande gani? Roho anahuzunishwa (Waefeso 4:30), na umeme hauhuzuniki. Roho anasema, anawaita Barnaba na Sauli (Matendo 13:2). Petro anamwambia Anania kwamba kumdanganya Roho ni kumdanganya Mungu (Matendo 5:3-4).

Lakini tusiwaangalie Mashahidi peke yao. Katika vyumba vingi vya maombi, na katika baadhi ya makanisa yetu ambayo kwenye karatasi yanakiri Utatu bila kasoro, Roho amekwisha kugeuzwa kitu. Anapimwa: huyu anayo nyingi, yule anayo kidogo. Anawekwa katika chupa ya mafuta. Anahamishwa kwa mkono wa mtumishi fulani tu, na mkono huo unafunguka baada ya bahasha. Kitu kina mwenyewe, na mwenye kitu anaweza kukiuza. Simoni wa Samaria alifikiri hivyo hivyo, na Petro alimjibu kwa ukali (Matendo 8:18-20). Mjane anayeuza mbuzi wake wa mwisho ili apate "moto" kwa ajili ya mtoto mgonjwa anaibiwa kwa sababu fundisho la Utatu halikufundishwa. Angefundishwa kwamba Roho ni Bwana, angejua kwamba Bwana hauzwi, na kwamba yuko naye jikoni kwake tayari, anamwombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa (Warumi 8:26).

Tunaposali

Sikilizeni sala za vijana wetu. Mara nyingi utasikia: "Baba, tunakushukuru kwa sababu ulikufa msalabani kwa ajili yetu." Wanasema kwa moyo mweupe, wala asitokee mzee wa kuwakemea katikati ya sala. Ila Baba hakufa msalabani. Alimtoa Mwana, Mwana akajitoa mwenyewe, kwa Roho wa milele (Waebrania 9:14). Afadhali kiongozi asali mwenyewe vizuri, wiki baada ya wiki, na masikio ya vijana yatajifunza.

Sala ya Kikristo kwa kawaida inaelekea kwa Baba, kupitia Mwana, katika Roho. Si sheria ya chuma. Stefano alimwita Bwana Yesu moja kwa moja alipokuwa akipigwa mawe (Matendo 7:59). Lakini kuifuata njia hiyo kunatuondolea mzigo mkubwa. Tunaposali hatuanzi sisi. Roho amekwisha kuanza ndani yetu akilia "Aba", na Mwana anatuombea mkono wa kuume wa Baba (Warumi 8:15, 34). Mtu aliyechoka, asiye na maneno baada ya usiku wa risasi, hahitaji kupiga kelele ndipo asikiwe. Anaingia katika sala ambayo tayari inaendelea.

Wako pia ambao jina "Baba" linawaumiza. Wengine baba zao waliuawa, wengine waliachwa, wengine walipigwa na baba mlevi. Tusiwaambie kwamba Mungu ni kama baba yao. Tuwaambie kwamba Mungu ni Baba wa Bwana wetu Yesu Kristo, na kwamba aliyemwona Yesu amemwona Baba (Yohana 14:9). Wamsome Yesu kwanza, jinsi alivyowagusa wakoma na kuwapokea watoto, ndipo wataanza kumjua Baba asiyefanana na yule wa nyumbani.

Neno moja juu ya makabila. Wahubiri wengi wanasema: Nafsi tatu zinakaa kwa umoja, basi na sisi Wanande, Wahutu, Watutsi, Wahunde, Wabashi, Wabembe na wengine tukae kwa umoja. Nia ni njema, lakini hoja inaruka hatua. Umoja wa Mungu si mapatano ya pande tatu, na makabila yetu si nafsi za uungu. Paulo anapita njia nyingine katika Waefeso 2:14-18. Anasema Kristo alibomoa ukuta wa uadui kwa msalaba wake, ili kwa yeye sisi sote, wa mbali na wa karibu, tuwe na njia ya kumfikia Baba katika Roho mmoja. Utatu wote umo katika mstari wa 18, na umo kama njia ya kupita. Mlango huo ni mmoja. Nikitaka kumfikia Baba ninalazimika kupita pale pale anapopita yule ambaye watu wake waliwaua watu wangu, naye anapita akiniona. Jambo hili ni gumu kuliko wimbo wa umoja, na kusanyiko linalokwepa ugumu huo litakaa benchi mbili mbili hata kama linasema baraka ya mitume kila juma.

Kwa wanaotaka kuendelea

Wazazi wanaotaka kuanza nyumbani wasome Yohana 14 mpaka 17 kwa jioni nne, sura moja kila jioni. Kila mara Yesu anapomtaja Baba au Msaidizi, mtoto mmoja ainue mkono, na familia iulize: hapa nani anafanya nini? Wazee wanaokaribisha mtu aliyebatizwa kwa jina la Yesu peke yake wasikate shauri peke yao, maana jumuiya zetu hazina desturi moja. Wampeleke kwa mchungaji, naye aulize ofisi ya jumuiya yake kabla ya kumrudisha mtu majini. Na madarasa ya ubatizo yanayochukua wiki sita kufundisha juu ya mavazi na wiki moja kufundisha juu ya Mungu yanaweza kubadilisha hesabu hiyo hata mwaka huu.